Mawifi wa Meza Moja

Fundi alikuwa ameshika mkasi alipomwona wifi yake akiingizwa ukumbini kwa kiti cha magurudumu. Kwanza alidhani macho yamemdanganya. Kisha akaona anayesukuma kile kiti ni binti yake mwenyewe wa kumzaa, akajua hajadanganywa na macho, amesalitiwa na mtoto.

Ilikuwa siku ya kufungua maboksi ya mapambo ya Krismasi. Meza ndefu ya ukumbini ilijaa vitambaa vyekundu na vyeupe, utepe, pamba, gundi na karatasi za kumetameta, na wazee waliokuwa na nguvu ya kukaa walikuwa wameizunguka. Fundi alikaa kwenye kiti cha kichwani mwa meza. Hakuna aliyempa kile kiti, na hakuna aliyewahi kumwondoa. Maisha yake yote alishona magauni ya harusi, na tangu aletwe kwenye nyumba hii ya wazee, nyota na malaika wote walioning'inia ukumbini kila Desemba walitoka mikononi mwake au walipita chini ya jicho lake. Aliyeshona ovyo alifumuliwa papo hapo.

"Mama, usianze," binti alisema kabla hata ya kusalimia.

"Sijasema kitu."

"Naona unavyotaka kusema."

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Shangazi amevunjika nyonga, nyumbani hana wa kukaa naye. Na mimi siwezi kujigawa, leo huku, kesho kule. Akiwa hapa nawaona wote kwa safari moja."

"Kwa safari moja," Fundi alirudia. "Kama mtu anayepitia dukani halafu kwa kinyozi."

Aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu alikaa wima, shali imemkaa mabegani bila mkunjo, akatazama mbele moja kwa moja. "Mwambie mama yako," alimwambia yule binti, "kwamba ningeulizwa, hata mimi nisingemchagua."

Huyo alikuwa dada mkubwa wa marehemu mume wa Fundi. Alikuwa muuguzi mkuu wa wadi kwa miaka mingi, na watu wote, pamoja na ndugu zake, walimwita Metroni. Yeye na Fundi hawakuwahi kupikika chungu kimoja, lakini waliheshimiana kwa mbali mpaka siku ya mazishi. Siku hiyo, udongo haujakauka juu ya kaburi, Metroni alimnyooshea Fundi kidole mbele ya waombolezaji na kusema, "Huyu ndiye aliyemuua ndugu yangu. Mwenzake analala na homa ya mapafu, yeye yuko kwenye cherehani anatia shanga gauni la watu." Tangu hapo hawakusemezana tena. Binti alikuwa akiwatembelea kwa siku tofauti, na akiwa kwa mmoja hamtaji mwingine.

Sasa mlezi wa zamu ya mchana, mama mmoja mchangamfu kupita kiasi ambaye wazee walimpa jina la Kiherehere, alimchukua Metroni na kumwegesha mezani karibu kabisa na Fundi. "Mtakaa pamoja, nyie ni familia!" alisema na kupiga makofi.

Fundi alikivuta kiti chake upande wa pili.

Siku za mwanzo walipigana kimyakimya. Fundi alimpa Metroni kazi ya kujaza pamba ndani ya nyota, kazi anayopewa mtu asiyejua kitu. Metroni aliijaza mpaka nyota zikavimba kama nyuso za wenye matubwitubwi. Fundi alizifumua mbele yake, moja baada ya nyingine, akiziita majipu. Metroni akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni kwamba wako watu ambao tangu zamani wanajali kitambaa kuliko binadamu.

Alasiri moja, wakati wengine wanagombania utepe, Metroni aliweka kiganja mezani, akakiondoa upesi na kukificha chini ya shali. Fundi alimwona lakini hakulitilia maanani. Kesho yake asubuhi Meneja wa nyumba akaja ukumbini na bakuli la plastiki.

"Sindano zote humu," alisema. "Na pini. Na ile mikasi yenye ncha."

"Kwa nini?" Fundi aliuliza.

"Kuna malalamiko. Ni suala la usalama wa wazee."

"Nani kalalamika?"

Meneja alikohoa. Metroni hakukohoa. "Mimi," alisema. "Nimeendesha wadi. Najua vyombo vyenye ncha haviachwi ovyo penye watu wazima wanaotetemeka."

Fundi alitoa sindano zake kwenye kile kikopo kidogo alichokuja nacho kutoka nyumbani, akazitumbukiza kwenye bakuli. Alasiri, Kiherehere alileta gundi ya ziada na mikasi ya watoto wa chekechea, butu, yenye vishikio vya rangi ya machungwa. Wakaanza kubandika. Fundi alibandika malaika wake wa kwanza na bawa likadondoka. Akalibandika tena, likadondoka na kichwa.

"Pole, Fundi," alisema mzee mmoja aliyekaa ng'ambo ya meza, dereva mstaafu wa malori ambaye hata humo ndani aliitwa Dereva. "Ni kama mimi kunyang'anywa usukani nikapewa toroli."

Fundi hakucheka. Alianza kumchunguza wifi yake kama mtu anayetafuta mshono dhaifu ili auvute nguo nzima ifumuke. Na haikuchukua muda kuupata. Metroni aliombwa kitambaa chekundu akatoa cheupe. Alipaka gundi nyota kwa ustadi wote, ila nusu ya gundi ilienda kwenye kitambaa cha meza. Kisha siku moja alikuwa akimgombeza Dereva kwa kutia sukari nyingi kwenye chai. Aliendelea kumgombeza kwa muda mrefu, akamweleza habari za figo na miguu kukatwa, na Dereva alikuwa ameshainuka zamani kwenda msalani. Metroni alikuwa anakigombeza kiti kitupu.

Haoni, Fundi akajisemea. Mwanamke huyu haoni kitu!

Akakaa na siri hiyo kama mtu aliyeokota chakula akiwa na njaa. Hakumwambia mtu.

Jumapili ya kutundika mapambo, familia zilialikwa. Ukumbi ulijaa watoto na wajukuu, mti wa plastiki ukasimamishwa pembeni, watu wakapanda viti kufunga minyororo ya karatasi. Meneja alikuwa na karatasi yenye maneno ya kuwakaribisha wageni na alitaka mmoja wa wazee aisome.

"Mpe wifi yangu," Fundi alisema kwa sauti. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo tangu mazishi. "Amesoma kutushinda sote, na sauti anayo."

Binti yake, aliyekuwa juu ya kiti akifunga utepe, aligeuka ghafla. "Mama, hapana—"

Lakini Meneja alishaiweka karatasi mikononi mwa Metroni, na watu walishaanza kunyamaza. Metroni aliishika kwa mikono miwili, akainua kidevu. "Wageni wetu wapendwa," alianza, "karibuni." Akatulia. "Tunafurahi... tunafurahi sana kuwaona."

"Wifi," Fundi alisema, "karatasi umeishika kichwa chini."

Watoto ndio waliocheka kwanza, kama watoto. Watu wazima wachache wakafuata, wakidhani ni utani wa mawifi. Uso wa Metroni haukubadilika, ila karatasi ilimdondoka mapajani na mikono ikabaki hewani pale pale, imeshika hewa.

"Nirudishe chumbani," alimwambia binti. "Sasa hivi."

Binti alishuka kwenye kiti na kumtoa. Aliporudi alimkuta mama yake kwenye korido, akamkaba kwa maneno.

"Ulijua!"

"Nimegundua majuzi tu."

"Sukari imemla macho, Mama. Anaona kivuli na mwanga, basi. Aliniomba nisimwambie mtu yeyote, na wa kwanza kwenye 'yeyote' alikuwa wewe. Unajua kwa nini alilalamikia sindano zako? Kaweka mkono juu ya mto wako wa pini. Kiganja kizima. Aliona bora aonekane mchawi kuliko aonekane kipofu."

"Angeniambia."

"Akuambie wewe?" Binti alivaa mkoba begani. "Nilidhani uzee umekulainisha. Nitakuja kumwona shangazi. Wewe ukinihitaji, wapo walezi."

Akaondoka. Alikuwa na kawaida ya kupiga simu kila jioni kabla ya chakula. Jioni ile hakupiga, wala iliyofuata, wala ile nyingine. Fundi alikaa na simu mapajani, akijiambia kwamba betri ya mtoto imeisha.

Habari mbaya aliletewa na Kiherehere, ambaye hakuweza kuficha kitu hata angefungwa mdomo. Kwa kuwa sasa Meneja alijua Metroni haoni, alitaka ahamishiwe ghorofani. Huko juu walikaa wasiojiweza kabisa. Mlango ulifungwa kwa nje, chakula kilipelekwa kitandani, na redio moja iliwasemesha wote kutwa. Fundi alikuwa amewaona wenzake kadhaa wakipandishwa na lifti. Hakuna aliyeshuka kula nao tena.

"Kesho daktari anakuja kumpima," Kiherehere alisema. "Atakaa naye mezani amtazame anavyofanya kazi. Akishindwa, basi tena."

Fundi alikunywa chai yake mpaka ikabaki majani. Kisha akachukua fimbo yake, akaenda kugonga mlango wa wifi yake.

Metroni alikuwa amekaa kitandani, mgongo umenyooka, hajawasha taa. Aliijua fimbo kabla ya kusikia sauti. "Umekuja kuona kama nimekufa?"

"Ningekuwa na bahati hiyo nisingetembea mpaka huku."

"Toka."

"Natoka. Kwanza nisikilize. Nilitaka uaibike, na nimefurahi ulivyoaibika. Sitakudanganya. Lakini sikutaka upelekwe juu."

"Sihitaji huruma yako."

"Huruma gani? Sina." Fundi aliegemea mlango, magoti yalikuwa yanamuuma. "Mwanangu hapokei simu yangu. Ukipandishwa wewe juu, hatanisemesha mpaka nizikwe. Kwa hiyo kesho utakaa pale chini na utashona, utabandika, utafanya kila kitu, na daktari atakwenda zake."

Metroni alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Nitafanyaje? Nitanusa?"

"Utashika. Kile chekundu kina manyoya kama blanketi, cheupe kinateleza. Gundi nitaweka kushoto kwako, mkasi kulia, pamba mbele. Ukipotea nitakwambia."

"Mbele ya daktari?"

"Nitakwambia kwa namna ambayo hata malaika hatajua kwamba nakusaidia."

Kisha Fundi, ambaye alikuwa amejiapiza kutolitaja, akalitaja. "Ulisema mbele ya watu kwamba nimemuua mume wangu."

"Nilisema."

"Mpaka leo unaamini?"

"Siku nyingine naamini," Metroni alijibu. "Kama unataka niseme sivyo ndipo unisaidie, mlango unaujua."

"Nilikupigia simu. Usiku ule alipozidiwa. Wakasema uko zamu, huwezi kutoka."

"Nilikuwa na wadi nzima."

"Na mimi nilikuwa na bibi harusi anayeolewa asubuhi."

Metroni aligeuzia uso ukutani. Fundi akaondoka, na nyuma yake akasikia, "Sindano hurudishiwi!"

"Sijakuomba sindano!" Fundi alijibu, akaubamiza mlango.

Kesho yake daktari alikuja, mwanamke kijana mwenye viatu visivyo na sauti. Alivuta kiti pembeni ya meza, Meneja akasimama nyuma yake na funguo zake kiunoni. Wazee wengine waliendelea na kazi, masikio yote yakiwa upande mmoja. Metroni aliegeshwa mahali pake. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Bibi," daktari alisema kwa upole, "nitengenezee nyota moja, nyekundu, yenye ukingo mweupe. Taratibu tu."

Mkono wa Metroni ulinyanyuka, ukasita juu ya vitambaa.

"Haya, anza," Fundi alifoka. "Au unangoja uletewe? Umekilalia na kiwiko chako cha kushoto hicho chekundu, unakikunja!"

Metroni alivuta kitambaa kutoka chini ya kiwiko cha kushoto. "Kelele zako zinaniumiza kichwa."

"Kikuume. Na mkasi wangu usiuguse, wako ni huo hapo kulia karibu na kikombe. Angalia usinimwagie chai!"

Metroni alipitisha mkono taratibu, akakipita kikombe, akaupata mkasi. Akaanza kukata, kidole gumba kikitembea mbele ya chuma butu kupima njia. Aliwahi kufunga vidonda vya watu gizani umeme ulipokatika wadini, na vidole vile havikuwa vimesahau. Nyota ikatoka na pembe zake zote, moja tu nene kidogo.

"Pembe ya juu imevimba kama kawaida yako," Fundi alisema.

"Hii?" Metroni aliigusa.

"Inayofuata, kulia kwako. Mtu akikutazama atadhani unakata mkate."

Metroni akaipunguza. Dereva alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, mabega yanamtikisika. Kiherehere, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, alikaa kimya.

"Gundi," daktari alisema.

"Hiyo gundi yeye ataimaliza yote," Fundi alidakia. "Kila siku anaivutia huko kwake kushoto kama ameinunua yeye. Basi paka ukingoni tu, usioge!"

"Wewe mwanamke," Metroni alisema, na safari hii hakuwa anaigiza, "ndugu yangu aliishije na huo mdomo?"

"Alikuwa anakimbilia kwako kuulalamikia. Nilijua."

"Kila Jumamosi."

"Pamba iko mbele yako, na leo usijaze, weka kidogo."

Ukingo mweupe ulikaa. Nyota ilikamilika, mbaya kuliko ambayo Fundi angeikubali siku ya kawaida, nzuri kuliko nyingi za pale mezani. Metroni aliinyoosha mbele, kuelekea ilikotoka sauti ya daktari. Daktari aliipokea, akaigeuza huku na huku. Akamtazama Fundi kwa muda. Fundi akakuta kuna uzi kwenye sketi yake unaohitaji kuondolewa haraka.

"Bibi," daktari alimwambia Metroni, "huoni. Tusidanganyane."

Ukumbi mzima ulishusha mikasi.

"Sioni," Metroni alisema. Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja jina lake.

"Basi ndivyo nilivyosema," Meneja alidakia. "Juu kuna nafasi—"

"Sijamaliza. Haoni, lakini anafanya kazi, ana akili timamu kunishinda mimi, na anajua kuelekezwa. Sioni sababu ya kumfungia mlango. Atabaki chini." Daktari alisimama, akamnyooshea Fundi kalamu. "Kwa sharti moja. Huyu akae naye kila mlo na kila kazi. Kama leo."

"Nani?" walisema wote wawili kwa pamoja.

"Mimi simtaki," Metroni alisema.

"Kila mlo?" Fundi aliuliza. "Daktari, mimi nimekosa nini?"

Daktari alishaanza kutembea. Meneja alimfuata, funguo zikilia.

Ikawa hivyo. Asubuhi Fundi alimwonyesha Metroni mkate ulipo, na Metroni alimwambia mkate wenyewe umekauka kwa sababu ya maneno yake. Mchana waligombana kuhusu chumvi. Jioni waligombana kuhusu ni nani aliyeanza mchana. Mambo yasiyosemwa tangu mazishi yalisemwa vipande vipande, kati ya supu na chai, mengine yakauma na mengine yakapita tu. Sindano hazikurudi. Meneja alisema sheria ni sheria, na Metroni alikataa katakata kwenda kumwombea mtu. Malaika wa mwaka ule waliendelea kudondoka mabawa, na Kiherehere akawa anawaokota chini kila asubuhi na kuwabandika upya.

Siku ya Krismasi binti alikuja amebeba maua. Alimwamkia shangazi yake kwanza, akambusu, ndipo akamgeukia mama yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Fundi alijifanya anakunja kitambaa cha mkono. "Simu yako imepona?"

"Imepona."

Binti alibaki amesimama na maua yake, akiwatazama. Chakula kiliwekwa. Fundi alichukua mkono wa wifi yake bila kuuliza, akaugusisha uma, akaugusisha ukingo wa sahani, akaugusisha glasi, kisha akauachia ghafla kana kwamba umemuunguza.

"Usinitazame hivyo," alimwambia binti. "Nimelazimishwa na daktari."

"Na mimi," Metroni alisema.

Binti aliubana mdomo kuzuia kitu, kicheko au kilio, kisha akavuta kiti na kukaa upande wa mama yake. Alimmiminia maji tu.

"Huu utepe wa juu ya meza," Metroni alisema akitafuna, "unanuka vumbi."

"Hujauona hata, utajuaje uko juu ya meza?"

"Unanipiga kichwani kila nikiinama. Nani aliyeufunga?"

"Mimi. Na utakaa hapo hapo."

Metroni alinyanyua mkono, akaushika ule utepe na kuuvuta. Ukadondoka na nyota zake zote ndani ya mchuzi, na mezani pakazuka zogo ambalo Kiherehere alikuja mbio kulituliza, akiwaomba wote wawili, tafadhali, washushe sauti, kuna wageni.